KENGELE INAYOLIA BURE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Gongoni, Magarini)



Sisi wa reli hatuna stesheni hapa Magarini, lakini baadhi yetu ni wana wa hapa. Tumeona vema tuzungumze nanyi mnaolinda mitambo ya chumvi.

Mnamjua mtoto anayelinda mahindi. Akipiga debe kwa sababu ya nyani, watu hukimbia shambani. Akipiga debe kwa kila kunguru, siku ya nyani hakuna atakayeinuka. Wazee walisema, kelele za mlango haziniwasi usingizi.

Katika chumba kimoja tulichofanyia kazi, kengele ya njia ililia kila mvua iliponyesha, kwa sababu ya maji chini ya reli. Tuliandika kitabuni, fundi hakuletwa. Mwisho mkono uliinyamazisha kabla ya macho kutazama. Usiku mmoja ililia kwa kweli, nasi tukainyamazisha. Mwenzetu aliyetembea njiani na taa ndiye aliyeiona reli iliyovunjika. Hakufa mtu. Barua ya onyo ililetwa kwetu.

Wengine hawakuokoka. Tarehe 22 Juni 2009, mjini Washington, Marekani, mtambo wa njia haukuiona treni iliyosimama, na nyingine ikaigonga kwa nyuma. Watu 9 walikufa, pamoja na dereva. Wachunguzi walikuta kwamba kengele za kasoro za namna hiyo zililia kwa maelfu kila wiki, hata waangalizi wakazizoea.

Basi ndugu, kuzoea si uvivu. Ndivyo mwanadamu alivyoumbwa. Tumwombe tajiri mambo matatu:

1. Kila kengele iwe na jambo la kutenda. Isiyo na jambo isilie, iandikwe tu.

2. Inayolia bure itengenezwe kwa siku zilizopangwa.

3. Ikizimwa, iandikwe ni nani aliyeizima na saa ngapi, na zamu inayofuata iambiwe.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusizibe kengele kwa kitambaa. Kila inapolia bure, tuandike saa na sababu, hata kama ni mara ishirini kwa usiku mmoja. Siku ya barua ya onyo, kitabu hicho ndicho kitakachotusemea.