Damu ya Mtu Mwingine

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini kosa la damu likitokea wodini, nesi hushtakiwa peke yake. Basi leo tutasema juu ya jambo hilo.

Tangu mwaka 1901, Daktari Karl Landsteiner wa Vienna alipoonyesha kwamba damu za watu hazifanani, yajulikana hatari iko wapi. Mtu wa kundi O akitiwa damu ya A, mwili wake huipiga vita damu hiyo. Hushikwa na homa, kutetemeka na maumivu ya kiuno, mkojo hugeuka rangi, figo huweza kusimama. Wengine hufa. Lakini mara nyingi si kundi lililokosewa, ni jina. Uchunguzi wa hospitali 71 katika nchi 10, uliotangazwa mwaka 2003, uliona kwamba katika vichupa 2,000 hivi, kimoja kilikuwa na damu ya mtu mwingine, si yule aliyeandikwa juu yake.

Tazameni linavyotokea. Ni usiku, nesi ni mmoja, wodi imejaa, na wako Akinyi wawili. Damu yatolewa kitandani, kichupa chaandikwa baadaye mezani. Au mgonjwa huulizwa, "Wewe ndiwe Akinyi?" Mwenye homa huitikia jina lo lote! Aulizwe, "Jina lako nani?" alitaje mwenyewe, kisha karatasi ilinganishwe na utepe wa mkononi, na kichupa kiandikwe papo hapo. Hilo halitaki hata senti.

Ziko mashine za kusoma alama za utepe na za mfuko wa damu. Hatuzikatai, ila zataka fedha, umeme na fundi. Kumpima mgonjwa mgeni mara ya pili, kwa damu iliyotolewa wakati mwingine, kwataka kichupa kimoja na dakika chache. Uingereza walishauri hivyo mwaka 2012, isipokuwa pale damu inapotakiwa kwa haraka.

Na nesi wa pili wa usiku? Hapo wakubwa husema fedha hakuna. Sisi twauliza: figo za mgonjwa zikiharibika, gharama ya kumsafisha damu hutoka mfuko gani? Swali hilo tutalipeleka mezani kwao, na hesabu ya manesi wa kila zamu pamoja nalo.

Nanyi wapagazi, msikubali kutumwa kuchukua damu kwa maneno matupu. Dai karatasi yenye jina na nambari ya mgonjwa.