APEWE MAHALI
Somo: Yoshua 20:1–9

Fungueni Biblia zenu katika Yoshua, sura ya 20. Watu wengi wanaipita sura hii mbio kwa sababu wanaona ni majina ya miji tu. Leo tukae juu yake, zaidi mstari wa 4.

Mungu aliamuru Israeli watenge miji sita ya makimbilio. Kedeshi, Shekemu na Hebroni ilikuwa ng'ambo moja ya Yordani. Bezeri, Ramoti na Golani ng'ambo nyingine. Mtu aliyeua pasipo kukusudia alikimbilia huko. Sasa tazameni namna alivyopokelewa. Hakupenya usiku kwa kujificha. Alisimama mlangoni pa mji, akawaeleza wazee habari yake, nao wazee wakamwingiza, wakampa mahali, akakaa kati yao. Na mstari wa 9 unaonyesha kwamba mgeni pia alikuwa na haki ileile, si mwana wa Israeli peke yake.

Huyo alikuwa mtu mwenye damu mikononi. Je, mama ambaye ukuta wake umeangushwa na maji ya Lualaba, yeye amemuua nani?

Sisi wa Kinkondja hatuhitaji kufundishwa habari ya maji. Mvua inaanza mwezi wa 10, lakini mto unakuja kujaza maziwa yetu, Upemba na Kisale, nyuma zaidi, wakati wengine wanafikiri hatari imepita. Nyumba ya matofali mabichi haianguki siku ya kwanza. Inakunywa maji kwenye miguu yake siku nyingi, halafu usiku mmoja inakaa chini. Na watu wa kukimbia vita tunawajua vilevile. Mwisho wa mwaka 2005, jeshi lilipoingia kupigana na Mai-Mai katikati ya Katanga, makumi ya maelfu ya watu waliacha vijiji vyao, na wengi walikuja upande huu wa maziwa. Wako waliolala juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea, watoto pamoja na nyoka na mbu, mpaka Gédéon alipotoka porini mwezi wa 5 mwaka 2006, na wengine hata kisha hapo. Wazee kati yenu wanakumbuka nani aliwafungulia mlango na nani aliufunga.

Basi, kufungua mlango makanisa yetu yanajua. Mtu akija amelowa, shemasi anatafuta mkeka, akina mama wanapika bukari, tunaomba pamoja naye. Haleluya! Lakini Yoshua 20 haikuishia kwenye mkeka. Yule mtu aliwaeleza wazee habari yake. Wenye mamlaka ya mji walimjua kwa jina na kwa shida yake. Hapo ndipo wengi wetu tunaachia njiani.

Msaada wa makao unapokuja, ukiletwa na serikali, na Msalaba Mwekundu ama na shirika lingine, hauji kutafuta nani anaomba vizuri. Unafuata orodha. Na orodha inaanzia kwa shefu wa mtaa ama shefu wa kijiji, inapanda kwa wakubwa wa mji, inafika kwa msimamizi wa teritwari huko Bukama, hata Kamina. Mtu asiyeandikwa chini, huko juu hayuko. Kwa hiyo siku ya pili, si juma la pili, shemasi mmoja amsindikize huyo mama kwa shefu. Aandikwe jina lake, hesabu ya watoto, kijiji alichotoka, siku nyumba ilipoanguka. Kama kadi ya uchaguzi imekwenda na maji, aseme hivyo, na watu wawili wanaomjua washuhudie. Arudi kuuliza kama jina liko. Kurudi kuuliza si kukosa imani. Mjane wa Luka 18 alirudi mara ngapi kwa mwamuzi?

Wako wanaosahaulika kila mara, nanyi munawajua. Mwenye kupanga: nyumba ikianguka, anaandikwa mwenye nyumba. Mjane anayekaa kwa shemeji: anahesabiwa ndani ya watu wa shemeji. Mzee asiyeweza kutembea mpaka kwa shefu. Mtoto aliyebaki na wadogo zake. Hao kanisa liwatafute kwa miguu.

Na hapa tuseme neno gumu. Kanisa lisitengeneze orodha yake ya waamini wake, halafu kuipeleka kama orodha ya mtaa. Mkatoliki, Mmetodisti, mtu wa Kimbangu, mtu asiyesali popote, maji yamewapiga wote. Mstari wa 9 umekwisha kuamua jambo hilo.

Neno lingine gumu ni hili. Msaada ni bure. Jina kuandikwa ni bure, jetoni ni bure, bashi ni bure. Anayekuomba franka ili akuandike anakuibia. Anayemwomba mama ama binti mwili wake ili ampe bashi anafanya uovu mbele za Mungu na kosa mbele ya sheria, hata akiwa na fulana ya shirika, hata akiwa mtumishi wa kanisa. Akina mama, musibebe jambo hilo kwa haya. Lisemeni kwa mtu munayemwamini, naye asilifunike kwa jina la kulinda heshima ya kanisa.

Tusema kidogo juu ya jengo lenyewe la kanisa. Watu wanaofanya kazi ya misaada wanapima mita mraba 3 na nusu kwa mtu mmoja kulala na kukaa. Jamaa ya watu sita inahitaji mita mraba 21. Pimeni kanisa lenu kabla ya kusema "karibuni wote". Na choo: mwanzoni choo kimoja kwa watu 50, halafu kimoja kwa watu 20. Katika nchi hii ya maziwa, ambapo kolera haitoki mbali, kuweka jamaa 30 ndani ya kanisa lenye choo kimoja kilichojaa si ukarimu. Afadhali jamaa tano zibaki kanisani, nyingine zigawanywe katika nyumba za waamini. Na muuguzi wa kituo cha afya ajue wako wapi.

Halafu kuna kesho. Mtu wa mji wa makimbilio alipewa mahali, hakupewa usiku mmoja. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inasema nyumba yenye heshima ni haki. Lakini haki hiyo haijengi ukuta yenyewe. Mtu akionyeshwa kiwanja kipya palipoinuka, maneno ya mdomo yasitoshe. Tangu sheria ya 1973 ardhi ni mali ya serikali, na shefu anayekupa leo anaweza kufa kesho. Omba karatasi yenye jina lako, mipaka, siku, na sahihi za mashahidi. Kwa mjane, jina liwe lake mwenyewe.

Katika kila kusanyiko linalosikia neno hili, kabla ya ibada ya jioni kwisha, mchungaji aulize mambo mawili tu: nani ana chumba, na nani ana nafasi kesho asubuhi ya kwenda na hawa watu kwa shefu. Wenye kuinua mkono waandikwe palepale, kisha tuombe.