MTOTO MWENYE HOFU ASITIBIWE PEKE YAKE

(Hotuba iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, kambi ya Nyarugusu)



Siku hii huadhimishwa tangu mwaka 1991, kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto tarehe 16 Juni 1976. Kila mwaka tunazungumzia madarasa, madaftari na chakula. Leo Kamati imeniomba niseme juu ya mtoto ambaye darasa lipo, daftari analo, lakini haendi shule kwa sababu anaogopa.

Mnamjua. Asubuhi ya shule tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi. Haendi chooni bila mama. Lori likipita anajificha. Siku ya mgao anamshika mama kanga asiondoke. Mtoto huyu si mvivu, wala hajalogwa.

Kwanza apelekwe zahanati, maana tumbo linaweza kuwa la minyoo au malaria. Pili, aulizwe kwa upole kama kuna anayempiga au kumtisha. Ikiwa yuko, ni wajibu wetu kuiondoa hatari hiyo, si kumzoesha mtoto kuivumilia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea watoto London huku mabomu yakianguka. Waliona kwamba mtoto aliyebaki na mama aliyetulia alistahimili, na mama aliyetetemeka alimwambukiza mwanawe hofu. Mwaka 1945 waliletwa Uingereza yatima 6 wa Kiyahudi kutoka kambi ya Theresienstadt, wote wadogo wa miaka 3 hivi. Wazazi hawakuwa nao. Walikuwa wao kwa wao. Walipeana chakula, na mmoja akitengwa aliwaulizia wenzake. Basi nguvu ya kumtuliza mtoto iko kwa wazazi, na iko kwa wenzake pia.

Matibabu yenyewe ni kama kupanda ngazi. Anayeogopa shule, leo afike na mama mpaka kwenye uzio, akae hapo hadi moyo utulie. Akizoea, mama asimame mbali kidogo. Kisha aingie darasani kwa kipindi kimoja, kisha viwili. Kila ngazi irudiwe mara nyingi. Hofu ikikimbiwa hukua. Ikikabiliwa kidogo kidogo hupungua.

Hapa ndipo nyumba inapojenga au kubomoa. Mzazi mwenye huruma husema, "Basi, baki leo." Huruma hiyo huilisha hofu. Mwingine hushika fimbo, na fimbo huiongeza. Sisi tuseme hivi: "Mwanangu, najua unaogopa, na najua utaweza." Kisha twende naye.

Mwaka 1996 huko Australia ulitolewa utafiti wa watoto 79 wenye wasiwasi mkubwa. Kati ya waliotibiwa peke yao, zaidi ya nusu waliondokewa na ugonjwa. Kati ya wale ambao wazazi wao nao walifundishwa, ni zaidi ya 8 katika kila 10. Tafiti nyingine za baadaye hazikukuta tofauti kubwa kiasi hicho kila mahali, lakini mwaka 1998 ilionekana kwamba mzazi akiwa na hofu yeye mwenyewe, kumsaidia yeye humsaidia mtoto. Ndugu zangu, baada ya njia tuliyopita, ni nani kati yetu asiye na hofu? Kwa hiyo mama akienda kwa mshauri nasaha asichekwe. Baba naye aende.

Kuhusu wenzake: mtoto mwenyewe achague wawili anaowapenda. Kazi yao ni kumpitia asubuhi, kwenda naye, na kumwita mchezoni. Wasimhoji habari za vita, wala wasibebeshwe siri zake. Mwalimu awakalishe karibu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi. Msimwite mtoto chumbani wiki baada ya wiki huku mama amekaa nje hajui kinachofanyika. Mwingizeni, mwelezeni ngazi zilizopangwa, maana nyinyi mko na mtoto saa moja, yeye yuko naye usiku kucha. Asiye na mzazi aje na mlezi wake. Na saa za ushauri zisigongane na siku ya mgao.

Kwa Kamati: kila kijiji kiwe na wazazi wachache watakaofundishwa kazi hii. Lakini mtoto anayezungumzia kufa, au asiyekula wala kulala, asingoje ngazi; apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Tumlee kwa mikono yote.