Gesi Haiishi, Huvuja: Gharama ya Kutengeneza Kiyoyozi Buseresere

Gharama ya kutengeneza kiyoyozi cha nyumbani, yaani mashine inayoondoa joto chumbani na kulitupa nje, hukadiriwa na wenye nyumba wengi kwa kipimo kimoja tu, nacho ni bei ya kujaza gesi; na kwa kuwa kipimo hicho kina kasoro, anayekitegemea hujikuta akilipa mara nyingi kwa kazi ambayo ingemalizwa mara moja. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote: kompresa, ambayo ni pampu inayoendeshwa na mota ya umeme, huibana mpaka iwe na presha na joto kubwa, koili iliyo nje ya ukuta huipoza ikawa kimiminika, kisha kimiminika hicho hupenya tundu jembamba, presha yake ikashuka ghafla, kikachemka ndani ya koili ya chumbani na kufyonza joto la hewa inayopita hapo. Mzunguko huo ukiwa mzima, gesi iliyopimwa siku ya kufungwa kwa mashine hutosha maisha yake yote. Ikipungua, ipo sehemu inayovuja, na kuongeza gesi bila kuitafuta sehemu hiyo ni sawa na kujaza upepo tairi la bodaboda huku msumari ungali umo.

Buseresere, mji wa biashara wa Wilaya ya Chato mkoani Geita, ulioshikana na Katoro ya Wilaya ya Geita hata mgeni asitambue mpaka, hauna joto la Dar es Salaam wala la Zanzibar. Ukanda huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi, kwa hiyo nyumba nyingi zingepata nafuu kubwa zaidi kwa kuwekewa dari chini ya bati na dirisha la pili upande wa upepo kuliko kwa kununuliwa mashine. Hata hivyo fedha ya dhahabu imeleta nyumba za wageni, ofisi na makazi yenye vioo vikubwa, na viyoyozi vimefuata humo. Friji, lililoenea zaidi madukani na majumbani, hufanya kazi kwa kanuni ileile na huharibika kwa sababu zilezile, hivyo mengi yanayosemwa hapa yanalihusu.

Adui wa kwanza wa mashine hizi ni vumbi. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi la barabara za mitaa, na karibu na machimbo lile la makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huziba mapezi ya koili ya nje mpaka joto likakosa pa kutokea. Kompresa hulazimika kubana zaidi na kwa muda mrefu zaidi, chumba hakipoi, na mwenye nyumba huambiwa kwamba gesi imekwisha, ilhali kilichohitajika ni kuzima umeme, kuosha koili kwa maji yasiyo na nguvu kubwa na kusuuza chujio la ndani. Hasara hiyo huonekana kwenye LUKU kabla ya kumfikia fundi. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa daraja D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, maadamu matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, na mteja wa daraja T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kimoja, kinachovuta kilowati moja hivi, humaliza uniti 75 kwa saa 75 za kompresa kutopumzika, ambazo ni pungufu ya usiku 10 wa saa nane nane. Mashine chafu au inayovuja haipumziki.

Adui wa pili ni umeme unaokatika na kurudi mara moja. Kompresa ikisimama, presha ya pande mbili za mzunguko huhitaji dakika tatu hivi ili ilingane. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota hujaribu kuanza dhidi ya mzigo, huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida, na nyaya zake huungua. Kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache, huzuia hasara hiyo kwa fedha kidogo mno ukilinganisha na kompresa mpya, ambayo bei yake pamoja na ufundi inaweza kukaribia ile ya mashine nzima. Ni haki ya mteja pia kutaka kapasita ipimwe kwanza. Hicho ni kifaa kidogo kinachoisukuma mota ianze. Kikifa, kompresa hunguruma bila kuzunguka, na watu wengi wameuziwa kompresa walipohitaji kapasita.

Uvujaji ukithibitika, kazi kamili ina hatua zisizorukika. Mabomba hujazwa naitrojeni kwa presha, viungo hupakwa povu la sabuni, panapotoa mapovu huchomelewa, kisha pampu ya kuvuta hewa huondoa hewa na unyevu wote, kwa sababu unyevu ukikutana na mafuta ya kompresa huzaa asidi inayokula utando wa nyaya za mota. Oksijeni ya wachomeleaji, inayopatikana kwa urahisi katika miji ya machimbo, isitumike kamwe badala ya naitrojeni, kwa kuwa ikikutana na mafuta chini ya presha hulipuka na kuua. Mwisho gesi hupimwa kwa mizani, na iwe ya aina iliyoandikwa kwenye mashine: R-410A hufanya kazi kwa presha kubwa kuliko R-22 na hazibadilishani. R-22, inayodhuru tabaka la ozoni, inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Nchi zinazoendelea zilipaswa kupunguza matumizi ya gesi za kundi lake kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na baada ya 2030 kitabaki kiasi kidogo cha matengenezo tu. Anayenunua leo kiyoyozi kikuukuu cha R-22 ananunua pamoja nacho matengenezo yatakayozidi kuwa ghali.

Fundi anayeruka hatua hizo mara nyingi si mlaghai, hana vifaa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa vipuri na mafundi wanaotoka Mwanza, lakini mteja wa Buseresere bado analipia safari hiyo. VETA hufundisha fani ya majokofu na viyoyozi, na halmashauri hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne zikiwa za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Vijana mafundi wa Buseresere wakisajili kikundi Chato, mkopo wa kwanza ununue pampu ya kuvuta hewa, mtungi wa naitrojeni na mizani, vitumiwe kwa zamu, na vihudumie hata wateja wa Katoro walio chini ya halmashauri nyingine.