Mshipa wa Moyo Ukiziba Tena: Mionzi, Stenti na Vidonge Tunavyoviacha

(Mazungumzo ya ofisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Silanga, Kibera)

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kusikia mnachouliza, kutafuta jibu kwa wanaojua, na kuwaletea kwa lugha tunayoelewana. Leo nimeleta jibu la swali moja.

Katika kikao kimoja cha awali, mama mmoja alinivuta kando. Mumewe, fundi wa mbao, alikuwa amewekewa "waya moyoni" baada ya kupata mshtuko wa moyo. Alipata nafuu, akarudi kwenye randa yake. Baada ya miezi michache kifua kikaanza kumbana tena kila alipopanda kutoka huku chini bwawani. Jamaa zake wakasikia kwamba ng'ambo kuna tiba ya mionzi ya kufungua mshipa ulioziba ndani ya waya, wakaanza kupanga harambee. Mama akaniuliza: "Hiyo mionzi ni ya kweli, ama tunataka kuibiwa?"

Ni ya kweli. Lakini kabla mtu hajauza shamba au kuitisha mchango, inafaa ajue ni tiba ya nani na inafanya nini.

Tuanze na huo waya. Moyo hulishwa damu na mishipa yake yenyewe. Mafuta yakijijenga ukutani mwa mshipa, njia huwa nyembamba. Mwaka 1977, mjini Zurich, daktari Andreas Grüntzig alipitisha mrija mwembamba wenye puto kwenye ncha hadi kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa, akalijaza puto, njia ikapanuka. Shida ni kwamba mishipa mingi ilirudi kuwa myembamba baada ya miezi. Mwaka 1986, mjini Toulouse nchini Ufaransa, Jacques Puel alimwekea mgonjwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki mle ndani kushikilia njia wazi. Huo ndio "waya" tunaouzungumzia.

Stenti ilisaidia sana, ila haikumaliza shida. Wengi hufikiri kwamba mshipa unaoziba tena umejaa mafuta mapya, kama mtaro wetu unavyojaa taka wiki moja baada ya kuzibuliwa. Mara nyingi sivyo. Chuma kikisukumwa ukutani mwa mshipa, mshipa huumia, na mwili huponya jeraha kwa kuotesha nyama. Mnajua kuna watu wakikatwa kidogo tu, kovu huvimba kuliko jeraha lenyewe. Kovu kama hilo hupenya kwenye matundu ya wavu na kubana njia ya damu. Kwa stenti za kwanza, za chuma kitupu, jambo hili liliwapata wagonjwa 20 hadi 30 katika kila 100. Wenye kisukari walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Hapo ndipo mionzi ilipoingia. Daktari hupanua tena mshipa kwa puto, kisha hupitisha mrija wenye chembechembe za mionzi hadi pale palipobana. Chembe hizo hukaa kwa dakika chache tu, halafu hutolewa zote. Mgonjwa harudi nyumbani na mionzi mwilini, na hawezi kumdhuru mtoto anayempakata. Kazi ya mionzi ni kuzuia chembe hai za kovu zisizaane haraka. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2000.

Haikutawala kwa muda mrefu. Kufikia mwaka 2003 zilikuwa zimeingia stenti zilizopakwa dawa, ambayo hutoka polepole na kuzuia kovu lisiote. Kwa stenti hizi, wanaozibiwa tena wamepungua sana. Na stenti ikiziba, madaktari kwa kawaida huipanua kwa puto, huweka nyingine yenye dawa, au hutumia puto lililopakwa dawa. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine. Mionzi imebaki kwa wachache, hasa wale ambao tayari wana tabaka mbili au tatu za stenti mahali pamoja na bado panaziba. Hivyo, mtu aliyezibiwa mara ya kwanza si wa kukimbilia huko.

Sasa nisikilizeni hapa. Mionzi inayozuia kovu huchelewesha pia uponaji wa ukuta wa mshipa. Chuma hubaki wazi kwa muda mrefu, na damu ikigusa chuma kilicho wazi inaweza kuganda. Kwa sababu hiyo waliotibiwa kwa mionzi walitakiwa kumeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa mwaka mzima au zaidi. Hata tiba hiyo ya ng'ambo, basi, haimfai mtu anayeacha vidonge.

Nilimuuliza yule mama kama mzee bado anameza dawa. Alinyamaza kidogo. Akasema aliziacha alipojiona amepona, na pesa zake zikaenda kwenye karo.

Simlaumu. Wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini stenti haiponyi ugonjwa, inafungua mahali pamoja tu. Aliyewekewa stenti kwa kawaida humeza dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na nyingine kama klopidogreli, kwa miezi 6 hadi 12 au kadiri daktari atakavyoona, kisha huendelea na moja. Kuna pia dawa za kolesteroli na za presha. Akiziacha mapema, damu inaweza kuganda ndani ya stenti kwa ghafla, na hilo ni hatari kuliko kovu, kwa sababu kovu hubana polepole lakini damu iliyoganda huziba mara moja.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne.

Kwanza, kama hutaweza kununua dawa kwa mwaka mzima, mwambie daktari kabla hajakuwekea stenti. Si aibu. Jibu lako linaweza kubadilisha tiba atakayochagua. Na zikikuishia, rudi kliniki. Usiazime vidonge vya jirani.

Pili, kifua kikianza kubana tena unapotembea au kupanda, rudi ukaonwe upesi. Kikibana ukiwa umepumzika, pamoja na jasho jembamba au kukosa pumzi, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Tatu, pimeni presha na sukari. Wahudumu wa afya ya jamii walioanza kupewa mikoba ya vifaa Septemba 2023 wana mashine hizo na wanafika mlangoni. Kibera si wageni wa kutibu magonjwa haya karibu na nyumbani: Madaktari Wasio na Mipaka walitibu hapa presha na kisukari pamoja na virusi vya UKIMWI, hadi walipoikabidhi kaunti kituo cha Kibera South mwaka 2017. Anayehitaji zaidi hupelekwa Mbagathi au Kenyatta.

Nne, jisajilini na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#, kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Na anayevuta sigara, aache.

Yule mama ameniruhusu niwaeleze haya. Mumewe amerudi kliniki, ameanzishiwa dawa upya, na atapigwa picha ya mishipa ndipo ijulikane kinachombana. Harambee imesimamishwa kwanza. Zile pesa chache zilizokuwa zimechangwa zinanunua vidonge.

Sasa niko tayari kwa maswali, na nisiyoyajua nitayabeba.