Mtoto Anacheza, au Anasoma?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu wa Mutomo, maneno haya niliyasema baada ya Tarawehe, na nimeombwa niyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo.

Naanza kwa kukiri kosa. Dada yangu ana mtoto wa kiume. Alipotimiza miaka mitatu na nusu alimpeleka nasari. Kila akirudi, mchanga umejaa mifukoni, mikono ina udongo, na daftari hana. Dada akaniuliza, "Hebu wewe uliyesoma, nalipa karo ili mtoto achezeshwe?" Mimi niliyehifadhi Juzuu Amma mkekani huku bakora iko karibu, nikamjibu bila kufikiri: mtoe. Akamtoa, akampeleka kwingine ambako mtoto anajaza kurasa mbili za a, e, i, o, u kila siku. Muhula ukaisha, daftari limejaa kweli. Lakini mtoto alikuwa ameanza kukojoa kitandani, na kila akiona sare ya shule analia.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, sikuhubirii kutoka juu. Nilikosea mimi kwanza.

Sasa tujiulize, mtoto anapocheza anafanya nini? Chukua mtoto wa miaka minne, mpe vizibo vya soda na makopo mawili. Atatenga vyekundu huku na vya buluu kule. Atavipanga mstari, atasema hivi ni vingi, hivi ni vichache. Hiyo ndiyo hesabu, kabla hajaijua tarakimu. Mtoto akisoma "moja, mbili, tatu" mpaka ishirini bila kushika kitu, ameimba tu. Na ule udongo wa mikononi? Vidole vinavyofinyanga ng'ombe wa udongo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho. Ukimlazimisha kuandika kabla vidole havijakomaa, penseli inakuwa adui yake. Akingoja zamu yake ya bembea anajifunza subira. Mwalimu akimuuliza, "Leo umejenga nini, na ulianzaje?", mtoto anajifunza kupanga maneno. Na aulizwe kwa lugha anayoijua! Wengi wa watoto wetu hapa wanaamka na Kikamba, wakifika darasani wanakuta Kiingereza kitupu, wananyamaza. Halafu tunasema mtoto ni mzito.

Kuna wazee wataniambia, haya ni mambo ya kizungu, sisi tuna chuo chetu cha Kurani. Nawaheshimu, lakini jibu liko hapa hapa Kenya. Miaka ya 1980 Waislamu wa Pwani walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanabaki nyuma shuleni. Mzazi alijiona lazima achague, dini au elimu. Viongozi wao wakaomba msaada kwa Aga Khan, na shirika lake likaanza kazi na mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986. Hawakujenga jumba. Waliingia ndani ya madrasa zilizokuwepo, wakawafundisha kina mama wa mtaa kuwa walimu, na jamii yenyewe ikaunda kamati ya kuendesha shule. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, kombe za baharini, makopo na mbegu. Asubuhi hiyo hiyo mtoto anasikia kisa cha Mtume, anaomba dua kabla ya kula, anahesabu vifuu. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na 1993 Uganda.

Je, ulifaulu? Watafiti Mwaura, Sylva na Malmberg waliwalinganisha watoto wa nchi hizo: waliosoma katika nasari hizi za madrasa, waliosoma nasari nyingine, na waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliokwenda nasari yoyote walipiga hatua kuliko wa nyumbani, na wa nasari za madrasa wakawapita wote. Watoto wale wa vifuu!

Na mchezo si ugeni katika dini. Mtume (S.A.W.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Sisi mtoto akipita mbele ya safu tunamkodolea macho.

Turudi Mutomo. Nazi hatuna, lakini mibuyu ni tele. Maganda ya mabuyu yanafaa kuchotea maji na kupimia mchanga. Kunde na mbaazi za kuhesabia zimo kila nyumba (mwalimu awe macho tu, asije mtoto akatia puani). Kivuli cha veranda ya madrasa kinatosha asubuhi, kabla jua halijawa kali. Lililo gumu ni mwalimu. Tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, kwa hivyo tuna mlango wa kubisha. Lakini tutafute kwanza dada wawili wa hapa walio tayari kwenda kusomea kazi hii, na tukubaliane tutawalipa nini kila mwezi. Mwalimu wa kuombewa dua bila mshahara hakai.

Jambo jingine dogo: Ramadhani isisimamishe uji wa watoto. Sisi ndio tumefunga, wao hawajafaradhishiwa, na mwenye njaa hasikii kisa.

Dada yangu amemrudisha mwanawe kule kwa mchanga. Kitanda kimekauka, alhamdulillah, ingawa kalamu bado haitaki kuishika. Jumamosi ya kwanza baada ya Idd tunakutana madrasa baada ya Alasiri kuzungumzia hili. Njoo na jina la dada unayemwamini, na vizibo ulivyonavyo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.