Mbuzi haifute kosa



Nilimaliza iniversite, kazi sijapata. Kila magaribi niko ku uwanja wa kartiye, nasaidia kufundisha batoto mpira. Pale ninaona jambo moja: kocha ndiye anachagua nani atacheza, nani atasafiri. Mtoto anajua hiyo. Akiguswa vibaya ananyamaza, juu anaogopa kupoteza nafasi. Hata mutu mukubwa mwenye ulemavu, anayesaidiwa kushuka ku kiti chake, anaweza kunyamaza vile vile.

Jambo likijulikana, wazee wanakaa na famili: mbuzi moja, feza kidogo, mambo yameisha. Hapana! Sheria za tarehe 20 Julai 2006 ziko wazi: kulala na mtoto wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata waseme alikubali. Na malipo hayazimi kesi.

Basi tuanze na timu zetu wenyewe. Kocha asibaki peke yake na mtoto. Kila safari, wazazi wajue. Kila mchezaji awe na mutu wa kuambia, asiye kocha.

Kunyamaza hakulinde heshima ya timu. Kunalinda mkosaji.